Kiendeshi Pepe: Jinsi Kompyuta Moja Inavyoiga Mtandao wa Mawasiliano Ndani ya Gari

Na Mwandishi Wetu

Gari linapofikishwa gereji likiwa na taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi, fundi wa leo haanzi na spana. Huchomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, kisha husoma kinachoandikwa kwenye kioo. Mashine hiyo haizungumzi na injini moja kwa moja, bali huuliza na kusikiliza majibu ya kompyuta ndogo zilizomo ndani ya gari, ambazo mafundi wengi huziita kontroli boksi. Ipo ya injini, ya breki, ya giaboksi, ya mifuko ya hewa, na katika magari mengi ipo hata ya milango na madirisha.

Magari mengi yanayoingia Tanzania na Kenya ni yaliyokwishatumika, hususan kutoka Japani, na yale ya miaka ya karibuni yana mtandao wa namna hiyo ndani yake. Hivyo elimu ya mawasiliano hayo si ya viwanda vya mbali pekee. Inamhusu fundi umeme wa magari, mwanafunzi wa chuo cha ufundi na mwenye gari anayelipia matengenezo.

Hata hivyo, elimu hiyo ina ugumu wake. Anayejifunza kwa kutuma ujumbe kwenye gari halisi anagusa mfumo unaoongoza breki na injini, na kosa dogo laweza kuharibu kifaa cha gharama kubwa au kuhatarisha maisha. Makala haya yanaeleza nyenzo inayoondoa hatari hiyo katika hatua za mwanzo za kujifunza na kubuni, yaani kiendeshi pepe, programu inayoiga mtandao wa mawasiliano ndani ya kompyuta bila waya wala gari. Yanaeleza pia mambo ambayo nyenzo hiyo haiwezi kuyathibitisha, kwa sababu kutoyajua ni hatari nyingine.

Njia moja kwa wote

Mtandao unaotumika zaidi ndani ya magari unajulikana kwa herufi tatu, CAN. Ulibuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani kuanzia mwaka 1983 na kutangazwa rasmi mwezi Februari 1986 katika mkutano wa wahandisi wa magari mjini Detroit, Marekani. Mwaka 1993 ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa chenye namba ISO 11898. Marekani ililazimisha utumike katika soketi ya kupimia magari madogo kuanzia matoleo ya mwaka 2008.

Wataalamu huiita njia ya mawasiliano ya aina hii kwa neno lilelile lililotupatia jina la chombo cha usafiri, basi. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote", na ndivyo mtandao huu ulivyo. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja hupita katika gari, na kila kontroli boksi hujiunga nazo. Kila ujumbe unaotumwa huwafikia wote, na kila mmoja huamua kama unamhusu.

Ujumbe wa CAN ni mfupi. Una namba ya utambulisho yenye biti 11, au biti 29 katika aina iliyopanuliwa, na data isiyozidi baiti 8. Aina mpya iliyotangazwa mwaka 2012, iitwayo CAN FD, hubeba hadi baiti 64. Namba ya utambulisho haisemi ujumbe unakwenda kwa nani, bali husema ujumbe unahusu nini. Namba hiyohiyo ndiyo inayoamua nani atangulie pale wawili wanapoanza kusema kwa wakati mmoja. Kwenye waya, biti ya sifuri huishinda biti ya moja. Anayetuma moja na kusikia sifuri hunyamaza mara moja na kumwachia mwenzake. Hivyo ujumbe wenye namba ndogo hupita kwanza bila kuharibika, na huo wa pili husubiri zamu yake. Kwa utaratibu huo, msanifu wa gari huyapa mambo ya haraka namba ndogo kuliko mambo ya kawaida kama taa za ndani.

Malori na mabasi makubwa hutumia msingi huohuo chini ya kanuni iitwayo J1939, ambayo hutumia namba za biti 29.

Kiendeshi halisi na kiendeshi pepe

Kiendeshi ni programu inayosimama kati ya mfumo endeshi wa kompyuta na kifaa fulani. Mfumo endeshi haujui namna ya kuzungumza na kila printa, kamera au kadi ya mtandao iliyopo duniani. Hutoa amri za jumla, na kiendeshi huzigeuza kuwa lugha ya kifaa husika. Kiendeshi pepe hujisajili kwa mfumo endeshi kama kiendeshi kingine chochote, lakini nyuma yake hakuna kifaa. Programu inayokitumia haioni tofauti katika namna ya kutuma na kupokea.

Mfano ulio wazi na unaopatikana bila malipo umo ndani ya Linux, mfumo endeshi wa programu huria. Mwezi Aprili 2008, toleo la 2.6.25 la kiini cha Linux lilipokea mkusanyiko wa programu za CAN uitwao SocketCAN, uliochangiwa na kitengo cha utafiti cha kampuni ya Volkswagen. Uamuzi mkubwa wa wasanifu wake ulikuwa kuichukulia CAN kama mtandao. Kabla ya hapo, ilikuwa kawaida kifaa cha CAN kuchukuliwa kama bomba ambalo programu moja hulifungua na kulimiliki peke yake, na programu iliyoandikwa kwa kifaa cha kampuni moja haikuweza kutumika kwa kifaa cha kampuni nyingine. Chini ya SocketCAN, kifaa cha CAN huonekana kama kadi ya mtandao, na programu nyingi huweza kukisikiliza kwa pamoja.

Ndani ya mkusanyiko huo kimo kiendeshi pepe kiitwacho vcan. Kwa kuwa kina sura ileile ya viendeshi halisi, programu iliyoandikwa na kujaribiwa juu ya vcan huhamishiwa kwenye gari kwa kubadili jina la kifaa tu, kwa mfano kutoka vcan0 kwenda can0.

Maamuzi ya msanifu

Kubuni kiendeshi pepe si kazi ya kuandika programu ndefu; vcan yenyewe ni fupi. Ugumu uko katika kuamua ni tabia zipi za mtandao halisi ziigwe na zipi ziachwe. Maamuzi manne yana uzito zaidi.

La kwanza ni urejeshaji wa ujumbe. Katika gari, kontroli boksi ikisema, wote hulisikia neno lile. Ndani ya kompyuta moja yenye programu tatu zilizounganishwa na kifaa kimoja, programu ya kwanza ikituma ujumbe, ya pili na ya tatu nazo hazina budi kuupata, la sivyo mtandao ulioigwa hautafanana na wa kweli. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na kiini cha CAN chenyewe, na vcan hubaki kuhesabu ujumbe uliopita. Msanifu anayetaka kupima urejeshaji unaofanywa na kiendeshi, kama ilivyo kwa vifaa halisi, huweza kuiwasha vcan katika hali hiyo. Programu iliyotuma hairudishiwi ujumbe wake mwenyewe isipokuwa iwe imeomba.

La pili ni ukaguzi wa ukubwa. Ujumbe wa CAN ya kawaida huhifadhiwa ndani ya Linux katika muundo wa baiti 16, na ule wa CAN FD katika muundo wa baiti 72. Kiendeshi hukagua kila kinachopita na kukitupa kisichofuata umbo hilo. Vilevile, kubadili ukubwa unaokubaliwa huruhusiwa pale tu kifaa kinapokuwa kimezimwa. Bila ukaguzi huo, programu yenye kosa ingepita kwenye majaribio na kuanguka siku ya kufungwa kwenye gari.

La tatu ni kumbukumbu za hesabu. Kila ujumbe na kila baiti iliyopita huhesabiwa, kama ilivyo kwa kadi yoyote ya mtandao. Hesabu hizo humwezesha anayepima kujua kama ujumbe 1,000 uliotumwa ndio ujumbe 1,000 uliopokelewa.

La nne ni utengano. Gari huwa na mitandao zaidi ya mmoja, kwa mfano mmoja wa injini na mwingine wa milango na redio, na baina yake huwekwa kifaa cha kupitisha ujumbe ulioruhusiwa tu. Kuiga hali hiyo huhitaji mitandao pepe kadhaa isiyochanganyika. Tangu mwaka 2017 Linux ina kiendeshi kingine, vxcan, kinachoundwa kwa jozi kama ncha mbili za waya mmoja. Ncha moja huweza kuwekwa katika eneo la mtandao lililotengwa, na nyingine ikabaki nje, hivyo kila kontroli boksi ya kuigiza ikaishi katika chumba chake.

Mfano: kuuliza kasi ya injini

Mtandao pepe huanzishwa kwa amri tatu, zinazohitaji mamlaka ya msimamizi wa kompyuta:

modprobe vcan
ip link add dev vcan0 type vcan
ip link set up vcan0

Amri ya kwanza huingiza kiendeshi ndani ya kiini, ya pili huunda kifaa, na ya tatu hukiwasha. Katika dirisha la pili la kompyuta, mwanafunzi hufungua programu ya kusikiliza iitwayo candump, iliyomo katika kifurushi huria cha can-utils. Kisha katika dirisha la kwanza hutuma swali:

cansend vcan0 7DF#02010C0000000000

Hilo ndilo swali ambalo mashine ya fundi huuliza kwenye gari halisi. Namba 7DF humaanisha kwamba swali linaelekezwa kwa yeyote anayehusika. Baiti ya kwanza, 02, husema kwamba baiti mbili zinazofuata ndizo zenye maana. Kisha 01 huomba taarifa ya wakati huu, na 0C ni namba ya kasi ya injini.

Kwa kuwa hakuna injini, hakuna atakayejibu, na hapo ndipo somo lenyewe huanza. Mwanafunzi huandika programu ndogo inayosubiri swali hilo na kujibu kama kontroli boksi ya injini:

7E8#04410C0C80000000

Baiti ya kwanza husema zinafuata nne zenye maana. Namba 41 ni kukiri swali la aina ya 01, na 0C ya kwanza hurudia jambo lililoulizwa. Jibu lenyewe ni baiti mbili zinazofuata, 0C na 80. Kanuni ni kuzidisha ya kwanza kwa 256, kujumlisha ya pili, kisha kugawa kwa 4. Katika hesabu ya kawaida 0C ni 12 na 80 ni 128, hivyo 12 mara 256 ni 3,072, ukijumlisha 128 unapata 3,200, na robo yake ni 800. Injini ya kuigiza inazunguka mara 800 kwa dakika, kama gari lililowashwa na kusimama.

Faida kubwa zaidi huonekana pale mwanafunzi anapoamua kujibu vibaya kwa makusudi. Anaweza kutuma kasi isiyowezekana, kuchelewesha jibu kwa sekunde mbili, kutuma majibu mawili yanayopingana, au kunyamaza kabisa. Programu ya kupimia iliyoandikwa vizuri haina budi kustahimili yote hayo. Majaribio kama hayo ni vigumu kuyafanya kwenye gari la mteja, lakini kwenye mtandao pepe huweza kurudiwa mara mia moja kwa siku. Aidha, mazungumzo yaliyorekodiwa kwenye gari halisi kwa candump huweza kuchezwa tena kwa programu iitwayo canplayer, na darasa zima likasoma safari ileile.

Mambo ambayo mtandao pepe hausemi

Msomaji anapaswa kuzingatia sehemu hii kuliko nyingine zote. Ndani ya vcan hakuna waya, na kwa sababu hiyo hakuna muda wa waya. Kwenye gari lenye mtandao wa biti 500,000 kwa sekunde, ujumbe wa kawaida wenye baiti 8 huchukua biti 111, pamoja na nafasi inayoufuata, bila kuhesabu biti za ziada zinazoingizwa kwa ajili ya kulinganisha saa. Hiyo ni takribani sehemu 222 za milioni ya sekunde, hivyo mtandao hauwezi kupitisha zaidi ya ujumbe 4,500 hivi kwa sekunde. Kiendeshi pepe hakina kikomo hicho. Programu inayotuma ujumbe 20,000 kwa sekunde itafanya kazi vizuri kwenye vcan, lakini itashindwa kwenye gari.

Pili, ushindani wa zamu hauigwi. Ujumbe hupita kwa mpangilio ulioufikia kiini, si kwa udogo wa namba yake. Kosa la kuupa ujumbe wa breki namba kubwa kuliko ujumbe wa redio halitaonekana hapo.

Tatu, makosa ya waya hayatokei. Kwenye mtandao halisi kila kifaa huhesabu makosa yake. Hesabu ya makosa ya kutuma ikizidi 255, kifaa hujiondoa chenyewe ili kisiwavuruge wengine. Waya uliolegea, au kukosekana kwa kizuizi cha omu 120 kinachotakiwa katika kila ncha ya mtandao, ni chanzo kinachojulikana cha hitilafu hizo. Fundi aliyefuzu kwenye mtandao pepe pekee hatakuwa amewahi kukutana nazo.

Kwa hiyo wataalamu hupima kwa ngazi. Ya kwanza ni kiendeshi pepe, kwa ajili ya maana ya ujumbe na mantiki ya programu. Ya pili ni kuiga kifaa chenyewe. Programu huria ya QEMU, inayoiga kompyuta nzima, huweza kuiga chipu ya CAN iitwayo SJA1000, kazi ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Czech mjini Prague. Hapo kiendeshi halisi huamini kimeikuta chipu, na kasoro zake hujitokeza mapema. Ya tatu ni vifaa halisi juu ya meza, vyenye waya na vizuizi vyake. Gari huwa la mwisho, likiwa limesimama na magurudumu yakiwa yamezuiwa, chini ya usimamizi wa mtu mwenye uzoefu. Anayeruka ngazi kwa kuona ya kwanza imefaulu huchukulia kimya cha vcan kuwa ni ushahidi wa usalama.

Usalama barabarani na sheria

CAN ilibuniwa wakati ambapo gari lilikuwa kisiwa kisicho na mawasiliano ya nje. Kwa asili yake haina namna ya kuthibitisha nani aliyetuma ujumbe, hivyo ujumbe wenye namba sahihi huaminiwa. Udhaifu huo ulidhihirika mwezi Julai 2015, wakati watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walipoonesha kuwa waliweza kuingia kutoka mbali katika gari aina ya Jeep Cherokee kupitia mfumo wake wa burudani uliounganishwa na mtandao wa simu, na kutoka huko kutuma ujumbe wa CAN ulioathiri mwendo na breki. Kampuni ya Fiat Chrysler iliyaita magari takribani milioni 1.4 nchini Marekani ili yarekebishwe programu.

Tukio hilo lina somo la pande mbili. Wabunifu wana wajibu wa kupima mapema jinsi mifumo yao inavyoupokea ujumbe wa uongo, na mtandao pepe ni mahali pa kufanyia kazi hiyo bila kumweka mtu hatarini. Kwa upande wa pili, ujuzi huo hautoi ruhusa ya kuujaribu kwenye mali ya mtu mwingine. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Mwanafunzi anayejaribu ndani ya kompyuta yake hamgusi mtu. Anayetaka kuhamia kwenye gari, hata likiwa la ndugu au jirani, apate kwanza ridhaa ya mwenyewe.

Nyenzo iliyo karibu

Kinachohitajika kuanza ni kompyuta mpakato moja, hata ya zamani, yenye Linux. Kiendeshi na programu zake za msingi hupatikana bila malipo. Mwalimu mwenye kompyuta kumi anaweza kuwapa wanafunzi kumi mtandao wa gari kila mmoja, jambo ambalo lisingewezekana iwapo kila mmoja angehitaji gari lake. Fundi aliye kazini anaweza kutumia saa za jioni kuelewa kwa nini mashine yake husoma namba inayosoma, badala ya kubadilisha kontroli boksi kwa kubahatisha huku mteja akibeba gharama.

Mwenye gari naye ananufaika. Fundi aliyekwisha kuyasikiliza mazungumzo hayo kwenye mtandao pepe anaweza kumweleza mteja ni kontroli boksi ipi imejibu, ipi imenyamaza, na kwa nini inafaa waya upimwe kabla kifaa hakijanunuliwa. Kabla ya kukubali kubadilishiwa kifaa cha gharama kubwa, ni haki ya mteja kuomba maelezo hayo.